Kulea Mtoto Mwenye Usonji Nakuru: Shilingi ya Kwanza Iende Wapi

Mzazi wa Nakuru aliyeelezwa juzi kwamba mtoto wake ana usonji huanza kushauriwa kununua hiki na kile kabla hajapata hata usiku mmoja wa usingizi. Jirani wa Section 58 anamwambia amkimbize mtoto Nairobi. Shemeji anamtumia kwenye simu picha ya chupa ya virutubisho. Mwalimu wa chekechea anasema tafuteni mtu wa kukaa naye darasani. Mchungaji naye ana lake. Kila ushauri una bei, na bei hiyo karibu yote humwangukia mtu mmoja: yule anayeamka saa tisa usiku mtoto anapoanza kurukaruka kitandani. Mara nyingi huyo ni mama.

Kwa hiyo kila chaguo hapa nitalipima kwa maswali mawili. La kwanza, litagharimu shilingi ngapi mpaka mwisho, nauli na siku ya kazi zikiwemo? La pili, mwezi ukiisha, litakuwa limempunguzia mlezi mzigo au limemwongezea?

Swali la pili lina uzito sawa na la kwanza. Mwaka 2013 watafiti Hayes na Watson walikusanya tafiti nyingi zilizowalinganisha wazazi, wakaona kwamba wanaolea watoto wenye usonji hubeba msongo mkubwa kuliko wazazi wa watoto wasio na ulemavu, na hata kuliko wazazi wa watoto wenye ulemavu wa aina nyingine. Hapa nyumbani, Joseph Gona na wenzake waliwahoji wazazi wa Pwani ya Kenya na mwaka 2016 wakachapisha waliyoyasikia: kunyanyapaliwa, kukosa matibabu, gharama, na uchovu wa kulea usiku na mchana. Mlezi aliyeishiwa nguvu huacha kwenda kliniki, na yote aliyokwisha kulipia yakapotea. Nguvu za mzazi zimo katika hesabu ya matibabu ya mtoto, na zihesabiwe hivyo.

Tathmini: karibu kwanza, Nairobi baadaye

Pesa nyingi hupotea mapema, kwenye tathmini. Kenya ina vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vinavyojulikana kwa kifupi kama EARC, vilivyoanza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Viko chini ya Wizara ya Elimu. Watumishi wake humwangalia mtoto anavyocheza, anavyowasiliana na anavyojifunza, kisha humwelekeza kwenye shule au kitengo kinachomfaa. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako itakuonyesha kilicho karibu nawe, iwe uko Njoro, Molo au Naivasha. Ada, ikiwapo, ni ndogo.

Ila ripoti ya EARC ni ya masomo. Haichukui nafasi ya daktari wa watoto, ambaye ana maswali yake: je, mtoto anasikia sawasawa? Je, ana dalili za kifafa, ambacho huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine? Asiyegeuka akiitwa jina huenda ana tatizo la masikio, na kipimo cha masikio ni nafuu kuliko miezi sita ya tiba isiyomhusu. Hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo wakazi wengi bado wanaiita PGH, ina kliniki ya watoto na idara ya tiba ya vitendo, ile wazazi wanayoiita OT. Hapo ndipo pa kuanzia.

Nairobi ina wataalamu zaidi, hilo halina ubishi. Hospitali ya watoto ya Gertrude's ina huduma ya ukuaji wa mtoto, na Kasarani kuna KISE, taasisi ya serikali ya elimu maalum iliyoanzishwa 1986, ambayo pia hufanya tathmini. Lakini piga hesabu. Kutoka Nakuru ni kilomita 160 hivi. Chukulia nauli ni shilingi 600 kwa kiti. Mtoto wa miaka minne mwenye usonji hapakatwi mwendo wote huo; atataka kiti chake. Wazazi wawili na mtoto, kwenda na kurudi, ni 3,600. Ongeza chakula na teksi ya kutoka steji hadi hospitali, umefika 5,000 kabla daktari hajafungua mlango. Ukiambiwa urudi mara mbili zaidi, ni 15,000 za njiani tu. Tena humo garini mna redio ya sauti ya juu, joto, na abiria wanaokutazama kana kwamba umeshindwa kulea.

Ushauri wangu: nenda Nairobi ukiwa na swali mahususi ambalo Nakuru imeshindwa kulijibu. Mtoto alikuwa na maneno kumi akayapoteza. Anazimia na dawa haisaidii. Daktari wa hapa na mtaalamu wa tiba wanapingana. Ukiwa na swali kama hilo, piga simu kwanza, uombe kila kipimo kifanywe siku moja, na ubebe karatasi zote ulizopewa hapa ili usilipie tena kilichokwisha kufanywa.

Neno moja kuhusu madodoso. Dodoso la M-CHAT-R lina maswali 20 na limetengenezwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Wahudumu hulitumia bila malipo, na kazi yake ni kuchuja, si kuthibitisha. Anayekutoza maelfu kwa kukujazia dodoso tu, kisha akakutajia ugonjwa papo hapo, amekuuzia karatasi.

Tiba: rahisi inaweza kuwa ghali

Kwa wataalamu wa binafsi, bei ya kikao cha tiba ya vitendo au ya usemi hutofautiana sana. Chukulia ni 2,000, mara mbili kwa wiki. Kwa mwezi ni 16,000. Agizo la mishahara lililoanza kutumika Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida wa jijini kuwa shilingi 16,113.75. Yaani mshahara mzima wa mtu umekwisha, na hajala wala kulipa kodi ya nyumba. Anayemwambia mzazi wa Kaptembwa au Rhonda kwamba mtoto lazima apate vikao viwili vya binafsi kila wiki, la sivyo atachelewa milele, anampa mzigo wa hatia tu, maana hizo pesa hazipo.

Hata hivyo bei ya hospitali ya umma nayo huficha mambo. Mfikirie mama anayeuza mboga soko la Wakulima, ambaye siku nzuri humwachia faida ya 500. Tuseme kikao cha umma ni 300. Nauli yake na ya mtoto kutoka Free Area, kwenda na kurudi, ni 200. Foleni inamla asubuhi yote, na mboga za asubuhi ndizo biashara, kwa hiyo amepoteza zile 500. Kikao cha 300 kimegeuka 1,000. Mtaalamu wa binafsi aliye karibu na mtaa wake akitoza 1,500 na boda 100, kwa saa moja ya alasiri soko likiwa limetulia, ametumia 1,600. Tofauti ya kweli ni 600, si ile 1,200 inayoonekana kwenye risiti. Kwake huenda kikao kimoja cha binafsi na viwili vya umma kwa mwezi vikafaa kuliko vinne vya umma vinavyomfungia kibanda kila wiki. Kwa mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha, mwenye siku moja ya mapumziko kwa wiki, hesabu ni nyingine kabisa: siku hiyo akiimalizia kwenye benchi la kliniki, atapumzika lini?

Kuna jambo linalopita bei. Ingia kwenye kikao kizuri uone. Mtoto yuko mkekani, mbele yake beseni la maharagwe makavu, na mikono yake imezama humo hadi kwenye viwiko. Mtaalamu amezika vifuniko vya soda katikati ya maharagwe. Mtoto akifukua kimoja, anakishika, anangoja, na mtaalamu hamsukumi, anamtazama usoni, anasubiri jicho moja tu limgeukie, kisha anasema "weka!" na kifuniko kinaangukia ndani ya mtungi wa lita tano kwa sauti ambayo mtoto anaipenda. Mara ya sita au ya saba, mtoto anatazama kabla hajaweka. Vifaa vyote hivyo viko jikoni kwako. Ujuzi uko kwenye kule kusubiri, na mama aliyeketi mle ndani huondoka nao. Aliyeachwa nje kwenye benchi na simu yake hana anachobeba nyumbani.

Wiki ina saa 168. Vikao viwili ni saa mbili. Zilizobaki ni za kuoga, kula, kuvaa viatu, kungoja chai ipoe, na humo ndimo mtoto mdogo hujifunzia zaidi. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza: nitaruhusiwa kuingia? Utanipa kitu kimoja cha kufanya nyumbani wiki hii, kimoja tu, ninachoweza kukifanya nikiwa nimechoka? Mtaalamu anayekataa la kwanza na asiyeweza kulijibu la pili ni ghali kwa bei yoyote. Na anayekupa mazoezi kumi na mawili ya kila siku naye amekuongezea mzigo, hata kama nia yake ni njema.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lina mafunzo ya walezi yaliyojengwa juu ya wazo hili: mikutano tisa ya kikundi na ziara tatu za nyumbani, kwa wazazi wa watoto wa miaka miwili hadi tisa. Waendeshaji si lazima wawe mabingwa, na mzazi hufundishwa pia kujitunza mwenyewe. Mafunzo hayo yamekuwa yakifanyiwa utafiti Kenya na Ethiopia kupitia mradi wa SPARK, na tangu 2022 WHO imetoa kozi yake ya mtandaoni isiyolipishwa. Bei yake ni bando ya intaneti. Ukikaa na wazazi wenzako watano mkaipitia sehemu moja kila Jumapili, mtakuwa mmepata kitu ambacho hakiuzwi mjini kwa bei hiyo.

Saa za kupumua

Hapa ndipo wengi wetu hubana matumizi, na hapa ndipo ningependa tubishane zaidi.

Mlezi asiyepata saa mbili za kuwa peke yake kwa wiki hachoki kama anavyochoka mfanyakazi wa zamu. Mwenye zamu hujua zamu itakwisha. Kwa hiyo saa za kupumua ziandikwe kwenye bajeti kama dawa.

Njia ni kadhaa. Yaya wa kudumu ni ghali akilipwa kihalali, kwa kuwa mfanyakazi wa nyumbani jijini naye ana kima cha chini sawa na kile cha kibarua. Zaidi ya hayo, yaya mpya huhitaji wiki kadhaa za kumzoea mtoto, na asipoelekezwa huacha kazi siku mtoto atakapomng'ata. Nyumba za kutunzia watoto mitaani, zile tunazoziita baby care, huvutia kwa bei ya siku. Lakini mhudumu mmoja mwenye watoto kumi na wawili chumbani hana namna ya kumwangalia anayekimbia mlango ukifunguliwa. Kwa mtoto mwenye usonji nisingeishauri mpaka umekaa hapo nusu siku ukaona kwa macho yako.

Shosho au kogo yuko Olkalou, Molo au Kuresoi, ana shamba, ana mapenzi, na hatozi. Wengi hufikiria kumpeleka mtoto huko moja kwa moja. Wiki moja ya likizo ni msaada mkubwa kwa kila mtu. Miaka miwili ni kumhamishia bibi wa miaka sabini msongo uleule uliomshinda mzazi wa miaka thelathini, tena mbali na kliniki.

Lililo bora kwa pesa yake, kwa maoni yangu, ni msichana au mvulana mkubwa wa jamaa au wa jirani unayemwamini, kwa saa tatu, mara mbili kwa wiki, kwa malipo yanayojulikana. Wewe uwepo nyumbani mara chache za kwanza. Baada ya hapo toka. Usitoke kwenda sokoni. Toka ukalale kwa dada yako.

Linalofuata ni chama cha wazazi. Nakuru haina mtaa usio na chama, na kanuni zake tunazijua. Wazazi kumi wakichanga 600 kila mwezi wana 6,000, na wanaweza kumwalika mtaalamu wa tiba Jumamosi moja awaone watoto wote mahali pamoja, wazazi wakiangalia na kuuliza. Jumamosi nyingine, wazazi wanne wabaki na watoto na sita waende zao, kwa zamu. Faida nyingine haiandikwi kwenye daftari la mweka hazina: hapo mtoto wako akipiga kelele, hakuna anayegeuza shingo. Autism Society of Kenya yenyewe ilianzishwa na wazazi mwaka 2003, mmoja wao Felicity Nyambura Ngungu, wakati familia nyingi zilikuwa bado zikiwaficha watoto ndani.

Na kabla ya yote hayo, nunua komeo. Watoto wengi wenye usonji hutoroka bila kuogopa gari wala maji, na nyumba za Pipeline na Free Area ziko karibu na barabara kuu yenye malori usiku na mchana. Komeo imara lililofungwa juu ya mlango, mahali mtoto asipofika lakini mtu mzima anapofungua mara moja moto ukitokea, ni mia chache kwa fundi. Sijui kitu kingine cha bei hiyo kitakachokurudishia usingizi haraka namna hiyo.

Shule

Mtoto mdogo anayesikia maelekezo na kustahimili kelele kiasi anaweza kuanza katika chekechea ya kawaida karibu na nyumbani. Sera ya serikali ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inaunga mkono kuwasomesha pamoja na wenzao. Ugumu ni kwamba chekechea ya umma iko chini ya kaunti, na mara nyingi mwalimu ni mmoja kwa kundi kubwa. Shule ya binafsi hukubali upesi zaidi, kisha ikakutaka umlete msaidizi wa darasani kwa gharama yako, na hapo karo imezaa mshahara juu yake. Uliza jambo hilo kabla ya kununua sare.

Vitengo maalum ndani ya shule za msingi za umma, na shule maalum kama Nakuru Hills, hupokea watoto kupitia tathmini ya EARC, na mtaala wa umilisi una njia yao inayofuata hatua za uwezo badala ya umri. Tembelea kabla ya kuamua. Uliza ni nani anayemsaidia mtoto msalani, ni nani anayelinda lango, na hufanywa nini mtoto akilia nusu saa bila kunyamaza. Kuhusu bweni kwa mtoto wa miaka minne au mitano asiyeweza kusema kilichompata, mimi ningekataa. Mzazi akifika mahali bweni linaonekana ndilo pumzi pekee iliyobaki, kwanza apatiwe zile saa za kupumua, kisha ndipo aamue.

Pesa zinazoingia, na zinazotoka bure

Mtoto akishathibitishwa na madaktari wa hospitali ya serikali, msajili katika Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Usajili huo hufungua mlango wa kuomba msaada wa karo na vifaa. Familia maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkali inaweza kuingizwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Anzia kwa chifu, na usichoke kufuatilia. SHA, bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huanzia 300 kwa mwezi kwa asiye na mshahara. Hata kama haitalipa kila kikao, mtoto akilazwa kwa kifafa au mama akiugua utashukuru. Uliza kaunta ya hospitali, kabla ya kuanza, ni tiba ipi inayolipiwa.

Sasa yale ya kuacha. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Ziko dawa za kupunguza ukali wa hasira au kumsaidia mtoto kulala, na huandikwa na daktari anayemfuatilia. Virutubisho vya kwenye simu, maziwa maalum, vyakula visivyo na ngano kwa mtoto asiye na mzio, na sindano za seli shina zinazotangazwa ng'ambo havina ushahidi wa kutosha. Dawa za kuondoa madini mwilini ni hatari kabisa: mwaka 2005 mtoto wa miaka mitano alikufa Pennsylvania, Marekani, akipewa tiba hiyo kwa ajili ya usonji. Na maombi? Omba, omba sana. Imani imewabeba wazazi wengi, na wale wa Pwani waliitaja wenyewe. Lakini ukiambiwa upande mbegu ya elfu kumi ili mtoto aseme, hizo ni nauli za kliniki za mwaka. Mungu hahitaji nambari ya paybill kumwona mwanao.

Mzazi naye apimwe. Ukikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, ukilia bila sababu, au ukimhofia mtoto kwa jinsi hasira yako ilivyopanda, mweleze mhudumu wa kliniki ile ile unayompeleka mtoto. Yakija mawazo ya kujiua au ya kumdhuru mtoto, usingoje kesho: mwite mtu akae nanyi, nenda hospitali, au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Wengine hunyamaza wakiogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Sema bila hofu.

Mwenye 5,000 kwa mwezi, ningemgawia hivi. SHA, 300. Vikao viwili vya umma na nauli, 1,000. Komeo, mwezi wa kwanza tu, 400. Chama, 600. Manila, gundi na picha za ratiba ya mtoto ukutani, 300. Msaidizi wa alasiri mbili kwa wiki, 300 kila mara, ni 2,400. Mwezi ukibana, hizo 2,400 ndizo familia itakazotaka kuzikata kwanza. Mimi ningeahirisha kikao kimoja cha tiba kabla sijazigusa.